Siku Mwalimu Zainabu Alipokubali Kila Bei

Mwanangu, ipo siku moja ambayo mpaka leo haijanitoka kichwani: siku niliyosimama Kibokoni, mbele ya nyumba yenye msiba, nikabishania bei ya kitanda cha watu.

Cheka ukitaka, lakini kaa usikilize, maana habari yenyewe si ya kitanda. Nataka kukueleza vurugu ni nini na inaanzia wapi. Nawasikia nyinyi vijana kila siku mkilalamika: mji una vurugu, nyumbani kuna vurugu, kichwani mna vurugu. Neno mwalitumia kama vile halina gharama. Mimi maana yake nilifunzwa na mwanamke aliyekuwa nyuma ya pazia, ambaye wakati ule hata uso wake sikuujua.

Nilikuwa kijana, sijaoa, nafanya kazi kwa mjomba wangu kule Majengo. Mjomba alinunua na kuuza vyombo vya nyumbani vilivyokwisha kutumika: vitanda, makabati, meza, viti. Mtu wa bara akistaafu kazi ya reli na kurudi kwao, sisi tuko mlangoni. Watu wakihama, tuko mlangoni. Ndugu wakikosana kwenye mirathi, tuko mlangoni mapema zaidi, kwa sababu mtu aliyemkasirikia ndugu yake huuza rahisi. Mjomba alinifunza mambo mawili tu. Hesabu kila kitu mara mbili. Na usikubali bei ya kwanza hata ikiwa nzuri. Hasa ikiwa nzuri.

Asubuhi hiyo nilikuwa napita Kibokoni nikiwa na hesabu zangu kichwani, nikaona vyombo vimetolewa nje, vimejaa uchochoro mzima. Kitanda cha nguzo kilichofunguliwa vipande, kabati la vioo, makochi, meza ya kulia na viti vyake. Nikavihesabu viti, nikavihesabu tena. Pale barazani alikuwa amesimama mzee mmoja mwenye kanzu. Nikamwamkia vizuri, kisha nikamwuliza kitanda anataka ngapi. Hakunijibu. Nikadhani ni ujanja wa kimya, na ujanja huo nilikuwa naujua, basi nikataja bei mwenyewe. Akanitazama tu. Nikaongeza kidogo, nikamwambia asizidi kunibana kwa kuwa kitanda chenyewe kimelaliwa sana.

"Kijana," akasema polepole, "aliyekilalia yuwaja sasa hivi kutoka hospitali. Ngoja umwulize yeye."

Hapo ndipo nikaelewa. Nami ni Mswahili, nimezaliwa kisiwani humu humu. Tangu utoto nimeona, mtu akifa, chumba cha mbele kinatolewa kila kitu, majamvi yanatandikwa, watu wanakaa chini. Vyombo vinatoka kabla maiti hajafika. Nimeona hivyo mara ngapi sijui, lakini siku ile macho yangu yalikuwa ya duka, na duka halioni jamvi.

Mzee yule alikuwa Ami Salimu, ndugu wa marehemu. Hakunifukuza. Alinipa adhabu bora kuliko hiyo: alinipa kazi. Nikabeba kabati lile lile nililolitamani, nikaliingiza kwenye chumba cha chini cha jirani, na vyombo vyote vikafuata. Nikateka maji, nikapanga viatu vya watu. Kwa siku tatu nikawa mtu wa nyumba ile. Msiba wenyewe ulikuwa wa Bwana Athumani, karani wa bandarini. Mkewe, Mwalimu Zainabu, alikuwa akisomesha historia kwenye shule moja ya wasichana. Mtoto hawakujaliwa.

Ungeingia pale siku zile tatu ungesema ni ghasia tupu. Wanawake ndani wanasoma, wanaume nje wanasoma, masufuria yanagongana uani, watoto wanakimbizana, mtu anaulizia chumvi, mwingine anaulizia msahafu. Lakini nilipoangalia vizuri, nikaona hakuna aliyegongana na mwenziwe. Aliyepika alijua anampikia nani. Aliyelia alijua wa kumshika yuko wapi. Siku ya tatu ikasomwa hitma, watu wakala, wakaombeana, wakaaga. Majamvi yakakunjwa. Nami nikarudi Majengo, mjomba akanikata ujira wa siku zote tatu, haki yake.

Ikapita kama miezi miwili. Siku moja akaja mjumbe dukani: Mwalimu Zainabu wa Kibokoni anamwita yule kijana aliyetaka kitanda.

Nilikwenda na aibu yangu. Mwalimu alikuwa kwenye eda bado, ile miezi minne na siku kumi ya mjane, hatoki wala haonekani na wanaume wasio ndugu zake. Pazia zito lilikuwa limeshushwa kati ya chumba cha ndani na cha mbele. Kwa ajili ya heshima alikuwa ameketi kwenye kigoda shangazi yake mmoja, mkongwe, hasikii vizuri, naye alikuwa anasinzia. Kile chumba cha mbele kilikuwa vile vile tulivyokiacha. Vyombo havikuwa vimerudishwa. Hata majamvi yalikuwa yamekwisha kwenda kwa wenyewe. Sakafu tupu, na kuta zilizoachiwa alama pale makochi yalipokuwa yakiegemea.

"Wewe ndiwe uliyetaka kitanda?" sauti ikauliza.

"Ni mimi, Mwalimu. Nisamehe."

"Sikukuita nikusamehe. Nimekuita nikuuzie."

Akasema vyombo vyote viko kwa jirani, kama nilivyoviweka mwenyewe, na anataka viondoke. Kitanda, kabati, makochi, meza, vyote. Nyumba nayo ni ya kupanga, atairudisha kwa mwenyewe eda ikiisha, aende akakae kwenye chumba kimoja kwa binamu yake, mahali pasipohitaji vyombo. Kazi ya kusomesha alikuwa amekwisha kuandika barua ya kuiacha.

Mimi nikataja bei ya vyote. Ilikuwa bei ya aibu, mwanangu, ile bei ya kuanzia ambayo unaitaja ili mwenye mali akufukuze, ufike mlangoni, kisha akuite.

"Sawa," akasema.

Nikadhani amesikia vibaya. Nikasema labda nimekosea, kwa sababu kabati limebunguliwa, nikashusha. Kabati halikuwa na tundu hata moja.

"Sawa."

Nikashusha tena, sasa bila hata kutoa sababu, nione tu.

"Sawa."

Nimebishana na watu wa kila namna. Nimebishana na wenye maduka ya kanga Biashara Street, watu waliorithi duka na ubishi kwa pamoja. Nimebishana na mahamali, na wajane, na mawakili. Kubishania bei ni watu wawili kushika kamba moja, huyu huku na yule kule. Siku ile nilivuta, na kamba nzima ikanijia mikononi. Upande wa pili hapakuwa na mtu. Badala ya kufurahi niliingiwa na baridi. Nilijua kwamba nikisema natoa shilingi moja, nitaambiwa sawa.

"Mwalimu, mbona hubishani?" nikamwuliza.

 Akaanza kusema, na nadhani ile ndiyo sauti aliyokuwa akiitumia darasani. Akaniambia kwamba Wayunani wa kale, walipotaka kusimulia kilichokuwapo kabla ya mambo yote, walikuwa na neno, khaos. Siku hizi watu wanalifasiri fujo, au vurugu, wakafikiri ni kama soko lililopinduliwa. Mwanzoni halikuwa hivyo. Lilikuwa pengo. Mwanya ulioachama kama kinywa cha mtu anayepiga miayo, hauna chini wala ng'ambo. Vitu havikuwa vimechanganyika, kwa sababu vitu havikuwapo. Waliokuja nyuma ndio waliolijaza neno hilo, wakasema lilikuwa rundo moja la moto na maji na udongo vikigombana gizani, na kidogo kidogo likawa na maana ya fujo. Pengo lenyewe likasahauliwa.

Nikamwuliza, na sisi je? Mimi hupenda kuuliza hata kitu nisichotaka kununua. Akasema sisi maneno tunayo mengi, na yote ni maneno ya watu wenye vitu. Vurugu imetoka kwenye kuvuruga, na kuvuruga kunahitaji mkono wa mtu. Machafuko yametoka kwenye kuchafuka, kama bahari, na bahari ikichafuka leo ni ile ile iliyotulia jana. Hayo, alisema, yanatisha lakini yana mwisho wake.

"Zile siku tatu," akasema, "nilisikia wakinong'ona, masikini Zainabu, nyumba ina ghasia hii, atapumzika vipi. Na mimi nililala. Nililala kwa kuwa nilijua nikiamka nitamkanyaga mtu. Wakaenda zao, pakawa safi, pakawa kimya, kila mtu akasema sasa atapata utulivu. Tangu siku hiyo nasimama katikati ya chumba na sijui nielekee upande gani. Kwa hivyo usiniulize kwa nini sibishani. Mtu hubisha akiwa amesimama mahali."

Nikatoka pale bila kutoa pesa.

Mjomba alipoipata habari, alifurahi hadi akaninunulia chai. Akaniambia niende kesho asubuhi na mkokoteni, kabla ndugu wa yule mama hawajasikia bei. Akanipa pesa, akazihesabu mara mbili, nami nikazihesabu mara mbili mbele yake, ndivyo tulivyopendana. Usiku ule nilifikiri sana. Hesabu haikuwa na kosa popote, na bado ilikuwa inanikaa vibaya. Nikinunua, yule mwanamke atapotea, na wa kupoteza mtu kwa bei nzuri vile nitakuwa mimi.

Asubuhi nikaenda na Musyoka, hamali wetu, Mkamba mmoja mpole aliyekuwa akisema maneno machache kwa siku, na mengi katika hayo yalikuwa juu ya barabara mbovu. Tukavitoa vyombo kwa jirani, tukavipanga uchochoroni. Nikabisha hodi, nikaingia, pazia limeshushwa, shangazi anasinzia. Nikamwambia Mwalimu kwamba nimefikiria na bei ya jana haifai. Naiongeza.

"Sawa."

Nikaongeza mara ya pili. Sawa. Nikaona njia hiyo imeziba vile vile. Nikatafuta nyingine. Nikaanza kulisifu kabati kama mwendawazimu.

"Kabati hili, Mwalimu, ni msaji mtupu. Juu hadi chini."



"Nani aliyekwambia ni msaji?"

"Naona kwa macho yangu."

"Basi macho yako yanakudanganya. Msaji ni ile milango tu. Ubavuni ni mbao za masanduku, Athumani alizipaka rangi akidhani sitatambua."

"Kapaka vizuri lakini. Rangi imetulia."

"Imetulia wapi? Mwezi mzima ilikuwa inashika nguo. Buibui langu la Idi liliharibikia hapo."

"Haidhuru. Miguu yake ni imara, nimeijaribu mwenyewe."

"Hebu inama uitazame vizuri hiyo miguu."

Nikatoka, nikainama. Chini ya mguu wa nyuma palikuwa na kipande cha kandambili ya buluu kilichokatwa kwa kisu. Nikarudi nikamwambia nimekiona.

"Kandambili ya nani hiyo?" akauliza.

"Sijui, Mwalimu."

"Yangu. Nzima, nimeinunua wiki ile ile. Zake zilikuwa mlangoni zimechakaa, hakuziona. Akaiona yangu. Na wewe wataka kunipa pesa zote hizo kwa kabati la namna hii? Siwezi kuzichukua. Huo ni wizi."

"Mimi ndiye mnunuzi, na mimi nimeridhika."

"Umeridhika kwa sababu hujui kitu. Punguza."

"Sipunguzi."

Basi tukaanza, mwanangu, ule ubishi ambao sijaufanya tena maishani: mnunuzi anapandisha, mwenye mali anashusha. Kila nilichosifu alikitia ila, na kila ila ilikuwa na mtu ndani yake. Meza ilikuwa na alama ya pasi, na pasi ilikuwa na sababu, na sababu ilikuwa ugomvi juu ya wageni waliokuja bila kusema. Kochi moja limebonyea kwa kuwa Bwana Athumani alikuwa akikaa hapo hapo miaka yote, haambiwi. Sauti nyuma ya pazia ikaanza kupanda. Ikafika mahali shangazi akaamka, akauliza tunagombana nini.

"Huyu kijana," akasema Mwalimu, kwa sauti ambayo bila shaka ilisikika hadi kwa jirani, "huyu kijana hajui bei."

 Halafu nikasikia analia. Nilisimama pale na pesa za mjomba mfukoni, sijui niitie wapi mikono.

Alipomaliza akasema kabati lirudi ndani, atakaa nalo na ubovu wake. Na makochi. Na meza. Musyoka akanitazama, akaniuliza kwa upole kama leo tunanunua ama tunahamisha. Tukaanza kuingiza. Mwalimu akiwa ndani, anachungulia penye upenyo wa pazia, sauti yake inatuongoza: hapo siyo, sogeza, dirisha usilizibe. Tulipoweka kochi lile lililobonyea alituhamishisha mara tatu, na mwisho likawa mahali pale pale ilipokuwa alama yake ukutani.

Kitanda hakukitia ila hata moja. Alisema tu kichukuliwe, hawezi kukilalia. Na hapo, kwa mara ya kwanza, akataja bei yeye. Nikashtuka, nikajaribu kuipunguza. Hakupunguza hata senti. Nikalipa.

Mjomba alikizunguka kitanda kile mkokotenini, akakizunguka tena, akauliza vingine viko wapi, kisha akauliza nimekilipia kiasi gani. Sitakwambia alilolisema. Tuligombana hadi magharibi, naye akanikata mwezi mzima. Mwalimu Zainabu alimaliza eda yake, akabaki katika nyumba ile, akarudi kusomesha. Sitaki nikudanganye kwamba alipona. Nilikuwa nikimwona njiani, sura yake nikaijua, akitembea peke yake na madaftari yake, na kila tukikutana ananiuliza kama nimekwisha kujifunza bei.

Miaka imepita mingi. Mwaka huu mke wangu, Amina, ametangulia mbele ya haki. Watu walikuja, majamvi yakatandikwa, nyumba ikajaa. Mimi nililala usingizi, kama alivyosema yule mwanamke. Kisha wakaenda, nao wana shughuli zao. Wanangu ni wazuri. Mmoja yuko Nyali, mwingine yuko Doha, na wote hupiga simu. Wakaniuliza kama ninakula, nikasema sawa. Wakasema nyumba hii kubwa kwa mtu mmoja, kuna mnunuzi, nihamie Nyali. Nikasema sawa. Wakanitajia bei. Nikasema sawa, nikaenda kulala.

Juma lililopita nilikwenda sokoni Marikiti kununua machungwa. Mama Kanini, mwanamke wa bara ninayenunua kwake miaka na miaka, na tunayeitana wezi kila siku, akanitajia bei. Nikatoa pesa, nikampa.

Hakuzipokea. Alinitazama usoni.

"Mzee, mbona hubishani leo? Unaumwa?"

Nikasema siumwi. Akavuta kreti, akanikalisha, akaendelea kuwahudumia wateja wake huku akinichungulia, na mahamali wakipiga kelele tupishe njia. Nilikaa katikati ya fujo ile yote, ya wanadamu na mikokoteni na viazi vilivyomwagika, na nilijua ni wapi nilipo. Nikamwambia bei yake ni ya kiwendawazimu. Akaniita mzee bakhili. Machungwa nikayapata kwa nusu.

Jioni nikampigia yule wa Nyali, nikamwambia bei ya nyumba ni ndogo, na nyumba yenyewe siiuzi. Akasema, "Baba, si ulisema sawa?" Nikasema nilisema, na sasa nabisha. Tukabishana hadi simu ikapata moto sikioni. Alipokata, nyumba ikanyamaza tena kama ilivyokuwa. Pengo liko pale pale, mwanangu. Lakini sasa najua nimesimama ukingo gani.

Basi shika haya. Usiiogope vurugu ya watu. Watoto wakipiga kelele, wageni wakijaa, ndugu wakigombania kochi, hiyo ni nyumba iliyo hai, na kilichovurugwa kitapangwa. Ogopa ile nyumba iliyo safi sana na kimya sana. Usiende kwa mfiwa siku ya majamvi tu. Nenda majamvi yanapokwisha kukunjwa, na usiende na pole peke yake, nenda na jambo la kubishania. Na kama unaye mzee wako mahali, mama, baba, shangazi, ukampigia simu akakujibu sawa kwa kila unalomwambia, usimshukuru kwa upole wake. Acha ulichokuwa unafanya, panda tuktuk, panda ndege, nenda kamkalie mbele umwudhi kidogo.

Mwenyezi Mungu akupe nyumba yenye ghasia ya halali. Akupe mwenzi wa kukutia ila, na jirani wa kukukatalia bei. Na siku utakapobaki peke yako, kwa kuwa mmoja wa wawili lazima abaki, asikukoseshe mtu wa kukuuliza mbona leo hubishani. Amin.